Mafunzo ya Programu za Kuchora Barabara: Yanamhusu Vipi Mkazi wa Kibera na Kawangware

Ziko barabara za mtaani ambazo zikishawekwa lami, maji ya mvua huanza kuingia katika nyumba ambazo zamani zilikuwa kavu. Wakazi humlaumu mkandarasi, naye mkandarasi huonyesha mchoro na kusema alijenga alivyoelekezwa. Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. Kosa lilifanyika mapema, siku barabara ilipochorwa kwenye kompyuta, pale kimo chake kilipowekwa juu ya vizingiti vya milango na hakuna aliyekwenda kuvipima.

Siku hizi michoro ya barabara za kisasa hutengenezwa kwa programu maalumu. Kujifunza programu hizo ni kazi ya kitaaluma inayoweza kumpa kijana wa Laini Saba au Gatina riziki ya maana. Lakini hata mkazi asiyegusa kompyuta ana sababu ya kujua zinavyofanya kazi, kwa kuwa mlango wake, choo chake na mtaro wake vyote vimo ndani ya mchoro huo, au vimesahauliwa. Makala haya yanaeleza programu hizo hufanya nini, mafunzo yake hupatikana vipi, na mwananchi anaweza kuuliza nini mradi wa barabara unapofika mtaani kwake.

Barabara ni ya nani?

Kabla ya kuuliza nani amechora, ni vyema kujua nani anahusika. Sheria ya Barabara ya Kenya ya 2007 iliunda mamlaka tatu za kitaifa: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za mijini, na KeRRA kwa barabara za mashambani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti jukumu la barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Kwa hivyo mkazi wa Kibera anaweza kutoka nyumbani kwa njia iliyo chini ya kaunti, na hatua chache mbele akakanyaga barabara iliyo chini ya mamlaka ya kitaifa. Swali la kwanza katika baraza lolote liwe hilo: barabara hii ni ya kaunti au ya serikali ya kitaifa? Jibu lake ndilo linaloonyesha mchoro uko ofisi gani.

Programu hufanya nini?

Programu zinazotumika sana katika kazi hii ni Civil 3D ya kampuni ya Autodesk na OpenRoads ya kampuni ya Bentley. Wakazi wa kaunti watapenda kujua kwamba moja kati ya programu za mwanzo kabisa za aina hii, iliyoitwa MOSS, ilitungwa na serikali za kaunti. Katika miaka ya 1970, halmashauri za kaunti za Durham, Northamptonshire na West Sussex nchini Uingereza ziliungana kuitengeneza ili zichore barabara zao. Baadaye programu hiyo iliitwa MX, ikaingia mikononi mwa Bentley, na OpenRoads ndiyo iliyochukua nafasi yake.

Kazi yenyewe hufuata hatua zinazofanana katika programu zote. Kwanza vipimo vya ardhi huingizwa, kila nukta ikiwa na mahali pake na kimo chake. Programu huunganisha nukta hizo kwa pembetatu nyingi ndogo hadi sura ya ardhi ionekane, na mabonde na vilima vyake. Pili, mchoraji huweka mstari wa katikati ya barabara. Tatu, huchora mkato wa urefu, unaoonyesha barabara itapanda wapi na kushuka wapi. Nne, huunda umbo la barabara ikikatwa kama mkate: upana wa lami, njia ya miguu, mtaro na ukingo. Kisha programu hulipitisha umbo hilo kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari, na kuhesabu udongo utakaochimbwa, udongo utakaojazwa, na mahali ukingo utakapofika.

Hesabu hizo ndizo zinazoingia katika makadirio ya gharama. Faida ya programu huonekana hapo. Mhandisi akisogeza mstari nusu mita, hesabu zote hubadilika papo hapo, ilhali zamani mabadiliko hayo yalihitaji michoro irudiwe kwa kalamu na rula. Hasara yake pia iko hapo. Programu haijui kwamba katika mstari huo kuna choo cha jamii, bomba la maji au duka la mama mjane. Inajua tu kile ilichoambiwa.

Yote huanza na upimaji

Mwishoni mwa 2009, vijana 13 wa Kibera walipewa vifaa vidogo vya kupokea mawimbi ya setilaiti na kufundishwa kuchora ramani ya mtaa wao katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayojengwa na watu wa kujitolea. Kazi hiyo ilijulikana kama Map Kibera. Kabla yake, ramani nyingi zilizokuwa wazi kwa umma zilionyesha Kibera kama eneo karibu tupu, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu waliishi hapo. Vijana hao waliweka njia, shule, zahanati, vyoo na mabomba kwenye ramani.

Ramani ya namna hiyo humsaidia mhandisi kujua kuna nini na kiko wapi. Hata hivyo, haitoshi kuchorea barabara. Kifaa cha mkononi, au simu, kinaweza kukosea mahali kwa mita kadhaa. Barabara huhitaji vipimo vya sentimita, hasa vya kimo, kwa sababu maji hufuata tofauti ndogo sana. Kwa hiyo wapima ardhi hutumia vifaa vya setilaiti vya usahihi mkubwa, au darubini ya kupimia inayosimamishwa juu ya miguu mitatu. Katika vichochoro vya Kibera na Kawangware darubini hiyo mara nyingi ndiyo yenye manufaa zaidi, kwani mabati na kuta zilizobanana huzuia mawimbi ya setilaiti au huyarudisha kama mwangwi.

Ndege ndogo zisizo na rubani pia hutumika, kwa idhini chini ya kanuni za usafiri wa anga za 2020. Picha zake ni nzuri lakini zina mtego. Ndege huona paa, haioni ardhi iliyo chini yake. Mchoraji asiye makini ataingiza vimo vya mapaa kama kwamba ni vilima, na barabara yake itaelea juu ya mabati.

Mtego mwingine ni mfumo wa kuratibu mahali. Ramani nyingi za zamani za Kenya zilitumia mfumo uitwao Arc 1960, na vifaa vya setilaiti vya leo hutumia WGS 84. Nukta moja ikisomwa kwa mfumo usio wake, huhama takriban mita 300. Katika Kibera, mita 300 zinatosha kumtoa mtu kijiji kimoja na kumweka katika kijiji kingine. Mafunzo yoyote yanayostahili ada yake humfundisha mwanafunzi kukagua jambo hili siku ya kwanza.

Maeneo haya mawili pia yanatofautiana kwa ardhi. Sehemu kubwa ya Kawangware ni ploti za watu binafsi, kwa hiyo mchoro huanza na mipaka iliyosajiliwa: hifadhi ya barabara ni ya upana gani, na ni nyumba gani imetoka nje ya ploti yake. Kibera ina historia nyingine. Kuna reli na hifadhi yake, kuna ekari 288 ambazo jamii ya Wanubi ilipewa hatimiliki yake mwaka wa 2017, na kuna nyumba nyingi zilizojengwa bila ploti iliyopimwa. Hapo mhandisi huanza na njia ambazo watu wamezikanyaga kwa miaka mingi. Mara nyingi njia hizo ndizo zinazoonyesha maji yanapita wapi na wapi hayapiti.

Namba moja, vyumba sitini

Mfano rahisi unaonyesha uzito wa kazi hii. Chukua njia ya mtaani yenye urefu wa mita 200. Mchoraji ameandika upana wa mita 6, kisha anaambiwa aufanye mita 9. Kwenye kompyuta anabadilisha namba moja, kazi ya sekunde chache. Ardhini, mita 3 za ziada kwa mita 200 ni mita 600 za mraba. Chumba cha kawaida cha futi 10 kwa 10 kina mita za mraba zisizofika 10. Kama pande zote mbili zimejengwa bila nafasi, namba hiyo moja imechukua zaidi ya vyumba 60, na kila chumba kina familia.

Mfano wa pili ni wa kimo. Barabara ndogo ikijengwa kwa tabaka la chini la sentimita 15, tabaka la juu la sentimita 15 na lami ya sentimita 5, jumla ni sentimita 35. Ikiwa ardhi haikuchimbwa kwanza, barabara itakaa sentimita 35 juu ya njia ya zamani. Nyumba ambayo kizingiti chake kilikuwa juu ya njia kwa sentimita 20 sasa iko chini ya barabara. Lami huinuliwa katikati ili maji yaende pembeni. Kipimo cha kawaida ni asilimia 2.5, yaani sentimita 7 na nusu kwa kila mita 3. Maji hayo yasipokuta mtaro wenye mteremko na mahali pa kumwagika, yatatafuta mlango ulio chini.

Ndiyo maana mhandisi mzoefu huagiza vizingiti vya milango vipimwe pamoja na ardhi. Programu inaweza kuonyesha kila kizingiti kando ya mkato wa urefu, na barabara ikashushwa kabla ya tingatinga kufika. Gharama ya kupima vizingiti ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kubomoa lami mpya. Mafuriko yaliyoikumba Nairobi katika mvua za masika za 2024 yalikumbusha kila mtu kwamba maji hayangoji mradi wa pili.

Kibera inakumbuka pia Julai 2018, wakati nyumba na shule zilipobomolewa kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na Barabara ya Lang'ata, mradi wa KURA. Maelfu ya watu walihama. Mstari wa barabara ni uamuzi wa watu. Programu huuchora tu. Lakini programu hiyohiyo inaweza kuchora mistari mitatu tofauti kwa siku chache na kuhesabu kila mmoja utagusa nyumba ngapi. Uwezo huo una faida tu pale mistari hiyo inapowekwa mezani mapema, wakati wakazi bado wana nafasi ya kusema.

Mfano wa kufanya hivyo uko hapa Nairobi. Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ilitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalumu la Mipango. Wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani walipangwa kuanzia vikundi vya nyumba kumi kumi, nao wakashiriki katika majadiliano ya mpango pamoja na wataalamu. Upana wa barabara ulikuwa kati ya mambo yaliyozungumzwa kwa kina, maana viwango vya kawaida vingehamisha familia nyingi mno.

Kijana anayetaka kujifunza

Mafunzo ya programu hizi yana milango kadhaa. Mwenye alama ya C+ au zaidi katika KCSE, pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo husika, anaweza kusomea shahada ya uhandisi wa ujenzi katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Diploma katika vyuo vya kiufundi kwa kawaida huanzia C-, na cheti huanzia D. Taasisi ya KIHBT hapa Nairobi ipo hasa kwa ajili ya mafundi na wataalamu wa barabara na majengo. Karibu na Kawangware kuna P.C. Kinyanjui, chuo cha kiufundi kilichoko Riruta, na kituo cha mafunzo ya ufundi cha Waithaka. Mzazi aulize kila chuo kinafundisha kozi gani mwaka huu, na kama kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha umma anaweza pia kuomba mkopo wa HELB.

Kozi fupi za programu peke yake ni nyingi mjini, na ada zake zinatofautiana sana. Kozi nzuri hutambulika kwa mambo machache. Mwanafunzi hutoka nje kupima, hata kama ni mtaa mmoja tu. Huanza na data chafu, yenye makosa, na kujifunza kuisafisha. Huchora barabara kutoka mwanzo hadi makadirio ya gharama. Hufundishwa mitaro na makalvati pamoja na lami. Na anayemfundisha amewahi kuchora barabara iliyojengwa. Kozi inayotumia siku zote kubonyeza vitufe kwenye mfano uliokuja na programu humwacha mwanafunzi na cheti bila kazi.

Vifaa ni kikwazo kwa wengi. Civil 3D hutumika kwenye kompyuta za Windows, na huhitaji kumbukumbu ya angalau GB 16. Autodesk huwapa wanafunzi na walimu wa vyuo vinavyotambuliwa leseni ya bure ya mwaka mmoja inayoweza kuhuishwa, lakini leseni hiyo ni ya kusomea na haifai kufanyia kazi ya malipo. Anayeanza bila fedha anaweza kuanza na QGIS, programu ya bure ya ramani ambayo hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Haichukui nafasi ya programu ya kuchora barabara, lakini humfundisha mtu mifumo ya kuratibu, vimo na tabaka za ramani. Atakayekuja kwenye Civil 3D akiwa na ujuzi huo atakuwa mbele ya wenzake.

Jambo moja lisisahaulike: kujua programu hakumfanyi mtu kuwa mhandisi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, mhandisi mtaalamu ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Mhitimu wa shahada hufanya kazi angalau miaka 3 chini ya uangalizi kabla ya kufikia hatua hiyo. Mafundi na wanateknolojia nao wana bodi yao, KETRB, iliyoundwa na sheria ya 2016. Kwa hiyo kijana mwenye cheti anaweza kuchora, kupima na kuhesabu, na akawa mtu wa kutegemewa ofisini. Lakini sahihi inayoubeba mchoro ni ya mhandisi aliyesajiliwa, na yeye ndiye wa kuulizwa jambo likiharibika.

Kijana aliyezaliwa Kibera au Kawangware ana kitu ambacho hakifundishwi darasani. Anajua njia gani hugeuka mto mwezi wa Aprili, kalvati gani huziba, na wapi mkokoteni wa maji hauwezi kupinda. Ujuzi huo ukiingia kwenye kompyuta, michoro hubadilika.

Mkazi aulize nini?

Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza njia ya kuziomba. Mradi wa barabara unapoletwa kwenye baraza, maswali haya yanafaa:

1. Barabara hii ni ya kaunti au ya mamlaka ya kitaifa, na ni mhandisi gani aliyesajiliwa ametia sahihi mchoro?
2. Upana wote ni mita ngapi, pamoja na mtaro na njia ya miguu, na unagusa majengo yapi?
3. Je, mistari mingine ilichorwa na kulinganishwa?
4. Barabara iliyokamilika itakuwa juu au chini ya vizingiti vya milango, na kwa sentimita ngapi?
5. Maji ya mtaro yanamwagika wapi, na waliopo huko wameelezwa?

Si lazima mtu ajue kusoma mchoro wa kihandisi ili apate majibu. Anaweza kuomba mhandisi atembee naye njiani na kuonyesha kwa kigingi mahali ukingo utakapofika, na kwa alama ya rangi ukutani kimo cha lami. Vipimo vyote viwili vimo ndani ya programu. Kuvitoa na kuvionyesha ardhini ni kazi ya muda mfupi.

Wakati wa kuuliza nao ni muhimu. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Maoni yanayotolewa kabla ya tarehe hizo yanaweza kubadilisha mstari, upana au kimo. Mkandarasi akishaingia kazini, kila mabadiliko hugeuka gharama na hoja ya mkataba. Mkazi mwenye barabara anayoitaka, au anayeihofia, aanzie kwa msimamizi wa wadi au mwakilishi wadi wake, akiwa na majina ya njia, picha za mahali maji hutuama, na alama ya kimo ambacho mafuriko ya mwisho yalifika ukutani. Alama hiyo ni kipimo, na mchoraji anaweza kuiingiza kwenye programu kama vipimo vingine.